Msomaji wa Mabano

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje ukisubiri kuitwa, basi sauti yake unaijua. "Namba thelathini na moja, chumba cha pili." Haina hasira, haina huruma, haina haraka. Aliyekuja na jino na aliyekuja kuulizia maiti ya baba yake waliitwa kwa sauti ile ile. Wauguzi wakambandika jina la Mama Kipaza, naye akalipokea, ingawa kipaza sauti chenyewe kilikufa zamani na mama wa watu alikuwa akitumia koo lake tu. Walimtania kwamba hata siku ya kiama atawekwa mlangoni awaite watu kwa namba, na hakuna atakayebisha kwamba zamu yake bado.

Na kweli hakuna aliyekuwa akimbishia. Dada yake wa tumbo moja alikuja siku moja na mguu umevimba, akamkonyeza, akamkoholea, akampelekea mpaka salamu za shemeji. Mama Kipaza akamwita namba yake ilipofika, jua limeshakuwa la utosi. Dada alinuna mwezi mzima. Lakini benchi zima liliona, na tangu hapo mtu akiambiwa na mama yule kwamba daktari hayupo, anainuka anakwenda zake, haendi kuchungulia mlangoni ahakikishe. Heshima ya namna hiyo, jamani, haiuzwi dukani.

Sauti hiyo ndiyo iliyomnasa Mwalimu. Alikuja na vidonda vyake vya tumbo, mtu mwembamba aliyefukuzwa kufundisha kwa sababu ya mambo aliyoyaandika. Akaitwa, akaonwa na daktari, akapewa vidonge vyake, halafu badala ya kwenda nyumbani akarudi kukaa kwenye benchi asubuhi nzima, anasikiliza wenzake wakiitwa. Mama Kipaza akadhani kichwa nacho kimeanza. Alipofunga dirisha lake akamkuta amesimama anamsubiri.

"Shikamoo mama. Nina kazi ya kusoma. Haina mshahara."

"Marahaba. Kazi isiyo na mshahara ninayo tayari, naifanyia nyumbani kwangu."

Mwalimu akacheka mpaka akajishika tumbo, na tumbo likamkumbusha kilichomleta hospitali.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Nyuma ya karakana ya seremala mmoja kulikuwa na banda la kukaushia mbao, na humo, Jumamosi alasiri, watu walikusanyika kusomewa tamthilia fupi. Si kuigiziwa, kusomewa. Wasomaji walikaa mbele kwenye viti, karatasi mkononi. Hakuna mavazi, hakuna taa, hakuna kumpaka mtu masizi usoni aonekane mzee. Fundi cherehani alisoma maneno ya wazee, mchomeleaji akasoma ya vijana, na binti wa duka la vifaa vya shule akasoma ya wanawake wote, walio hai na waliokufa. Na kwa kuwa hakuna aliyeinuka kutenda lolote, lazima awepo mtu wa kusema kinachotendeka: mlango unafunguliwa, mzee anaanguka, kimya. Maelezo hayo huandikwa ndani ya mabano. Mwalimu alimtaka Mama Kipaza awe msomaji wa mabano.

Sasa nikueleze habari ya kibali, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mtu mzima na akili zake alikwenda kusoma mabano roho mkononi. Michezo yote ilihusu zile siku za risasi, mwaka juzi, askari walipoletwa mjini kuzima mgomo wakazima na watu. Habari hizo haziandikwi gazetini wala hazisemwi redioni. Na mchezo wowote, hata wa watoto wa chekechea, sharti upelekwe kwanza ofisi ya vibali. Pale alikaa bwana mmoja na kalamu nyekundu, akayafyeka maneno ya wahusika utafikiri ana ugomvi nayo. "Risasi", kata. "Askari", kata. "Nani aliwatuma", kata, na pembeni anaandika: kwa nini kuuliza? Lakini mabano hakuyagusa kamwe. Ujanani alipata kuona tamthilia kwenye ukumbi wa maana wenye mapazia, akajifunza kwamba ya kwenye mabano hayasemwi, ni maagizo ya waigizaji tu. Kwa hiyo aliyaruka. Haikumpitia akilini kwamba kuna banda mahali fulani ambamo mabano ndiyo watu wanayoyaendea.

Mwalimu alipolijua kosa hilo aliacha kabisa kuandika mazungumzo ya maana. Wahusika wake wakawa watu wa "Habari za asubuhi" na "Nzuri, za kwenu?" na "Leo jua limewahi." Mambo yote yaliyotokea yakahamia kwenye mabano, na mabano yote yakawa kinywani mwa Mama Kipaza.

Walijihadhari, wasidhaniwe ni wajinga. Nakala kamili ilikuwa moja tu, ile iliyotoka ofisi ya vibali, nayo alikaa nayo Mama Kipaza. Wengine walipewa maneno yao peke yake kwenye vipande vya karatasi. Mwalimu mwenyewe hakuwa akikaa ndani, alisimama kule barabarani akijifanya anasubiri mtu, ili akiona gari asilolipenda apige mluzi. Usomaji ukiisha, nakala inatiwa kwenye jiko la seremala la kuchemshia gundi. Na kwa kuwa hakuna karatasi iliyobaki, msikilizaji alipewa haki moja. Mahali popote anapotaka kupashika vizuri moyoni, aseme "Rudia", na msomaji arudie neno kwa neno, bila kuuliza kwa nini. Ndivyo watu walivyobeba wafu wao kwenda nao nyumbani.

Mama Kipaza aliishi na mwanawe wa pekee katika vyumba viwili nyuma ya mtaa wa mafundi. Mtaa mzima ulimwita kijana yule Mashoto. Tangu akiwa mdogo alishika kijiko kwa kushoto, akarusha mawe kwa kushoto, na walimu walimchapa mkono ule mpaka wakachoka wao. Alipoingia jeshini watu walimsindikiza kwa vigelegele. Alipotoka hakuna aliyepiga hata kofi. Alisema zile siku za risasi yeye aliwekwa kulinda ghala, ng'ambo ya mji, na majirani wakalipokea hilo kama unavyopokea chenji bila kuihesabu. Siku hizi alitengeneza pampu za maji uani. Usingizi hakuwa nao. Alikuwa anakonda hivi hivi mama yake akimwona.

Ukweli alimwambia mama yake mchana mmoja, mama anakunja nguo.

"Yule Fundi Redio, mama. Ni mimi."

Fundi Redio alikuwa mtu wa baiskeli. Asubuhi ile alifunga nyuma redio aliyokwisha kuitengeneza, akatoka kumpelekea mwenyewe, hakujua kwamba njia panda pana kizuizi. Akaambiwa simama. Labda hakusikia, labda alisikia akaogopa. Mashoto akapiga goti, akalenga.

"Halafu nikaenda nikaiinua ile baiskeli, nikaiegemeza ukutani," alisema. "Sijui kwa nini. Niliona si vizuri ilale pale njiani."

Mama Kipaza aliendelea kukunja nguo mpaka zikaisha. Angefanya nini? Mwaka uliotangulia watu walimtambua dereva wa lori lililoleta askari, wakamtoa kwake mchana kweupe, wakamvunja. Alifikishwa hospitali bado anapumua, na Mama Kipaza ndiye aliyewaita ndugu zake waje waage. Aliona walichomfanyia. Kwa hiyo alipomaliza kukunja nguo alimwambia mwanawe neno moja tu, kwamba asimwambie mtu, na jambo hilo likakaa ndani ya nyumba ile kama mgeni asiyetaka kuondoka.

Na yule mjane, jamani. Fundi Redio aliacha mke na mapacha, na mapacha wote wawili wana pumu, kwa hiyo Mama Pacha alikuwa mtu wa benchi. Mama Kipaza alikuwa akiwaita watoto wale karibu kila wiki. Jumamosi anamkuta bandani, safu ya mbele, mikono mapajani. Hakulia hata siku moja, wala hakuwahi kusema "Rudia". Kila mtu alijua anachosubiri. Mwalimu alikwisha kuandika michezo ya wafu wengi wa mtaa, bado wa kwake.

Basi Jumamosi moja Mwalimu akapita dirishani saa za chakula, akamsukumia bahasha.

"Ya leo ni ya Fundi Redio. Nimempata mtu aliyeona kila kitu kwa dirishani. Amehama sasa, kwa hiyo amesema yote."

Mwalimu alikuwa mtu wa upande mwingine wa mji. Hakumjua Mashoto, hakujua hata kama Mama Kipaza ana mtoto. Alikwenda zake anasugua tumbo. Mama Kipaza akafungua bahasha, akasoma huku chakula kinapoa. Kwenye mazungumzo palikuwa na salamu na habari za mvua. Kwenye mabano paliandikwa: Askari mmoja anapiga goti. Bunduki anaiweka bega la kushoto, maana ni mtu wa mkono wa kushoto. Anapiga mara moja. Halafu anakwenda, anaiinua baiskeli, anaiegemeza ukutani.

Kwenye mtaa ule, ukisema askari wa mkono wa kushoto umekwisha kutaja jina.

Alipita nyumbani kwanza. Mashoto alikuwa uani, pampu imefunguliwa vipande vipande mbele yake.

"Leo wanasoma ya Fundi Redio," mama alisema. "Bega limeandikwa."

Mashoto hakuinua kichwa. Alikuwa anasafisha kitu kidogo kwa kitambaa, akaendelea kukisafisha. "Na baiskeli?"

"Na baiskeli."

"Basi isome, mama."

"Watakuja hapa, mwanangu. Unajua walimfanyaje yule dereva?"

"Unadhani mimi nakaa hapa uani nafanya nini? Nawasubiri hao hao." Akaweka kitambaa chini. "Sikutishi, mama. Nimechoka. Nikimwona yule mama na watoto wake navuka barabara, nikivuka nawaona kule pia. Isome kama ilivyo. Wewe huwa huongezi wala hupunguzi."

Alifikiri kutokwenda, aseme anaumwa. Lakini asipokwenda atasoma yule binti, na binti atasoma kila kitu, tena kwa kutia huzuni. Kwa hiyo alijikaza akavaa viatu akaenda.

Banda lilijaa siku hiyo mpaka watu wakakalia marundo ya mbao. Mama Pacha alikuwa pale pale mbele, na nyuma yake wamesimama kaka zake wawili, watu wa kubeba mizigo sokoni, vifua kama milango. Fundi cherehani akasema jua limewahi leo. Mchomeleaji akajibu kwamba ndiyo, limewahi. Binti akauliza redio yangu bado haijapona? Na baina ya maneno hayo ya kipuuzi Mama Kipaza akasoma mabano: kizuizi, mapipa mawili, askari, mtu anakuja na baiskeli. Hakuna aliyekohoa.

Alifika pale. Karatasi aliiona vizuri kabisa, herufi moja moja.

"Askari mmoja anapiga goti," alisoma. "Bunduki anaiweka bega la kulia. Anapiga mara moja."

Sauti haikutetemeka. Hilo ndilo lililomtisha. Alidhani koo lingemkaba, au ulimi ungegoma, lakini uongo ulitoka mkavu na safi kama ukweli wote aliowahi kuusema maishani mwake.

"Rudia," alisema Mama Pacha.

Watu wakageuka kumtazama, maana walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake humo ndani. Mama Kipaza akashika karatasi kwa mikono miwili. Askari mmoja anapiga goti. Bunduki anaiweka bega la kulia. Anapiga mara moja.

"Rudia, mama. Tafadhali."

Sasa huyu mwanamke alikuwa anamtazama usoni, si kwa ubaya. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyepotea anavyomtazama mwenye kujua njia. Mama Kipaza alitamani mluzi upigwe nje, gari lije, wakamatwe wote. Mluzi haukupigwa. Alimwona dereva juu ya kitanda cha magurudumu, alimwona mwanawe juu ya kitanda hicho hicho, akasoma mara ya tatu. Bega la kulia.

"Ahsante," alisema Mama Pacha, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe akalia mbele za watu.

Karatasi ilipokwisha kuungua kwenye jiko la gundi, mjane akamsubiri mlangoni. Akamshika mkono, akamvuta pembeni pasipo na watu.

"Mama, nina kosa kwako. Yule aliyehama aliniambia zamani kwamba askari alishika kushoto. Nikamfikiria mwanao. Nimemfikiria mwaka mzima, na nyumbani kwako nikawa sipiti. Kaka zangu hawa wamenisukuma niwape jina, nikawaambia subirini, siku ya mume wangu Mama Kipaza atasoma, na akishasoma yeye nitakuwa nimejua. Sasa nimejua. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe."

"Sina cha kukusamehe," alisema Mama Kipaza, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Mwalimu alisikia baadaye watu wakizungumza bega la kulia. Akamjia dirishani anajikuna kichwa. "Nilidhani niliandika kushoto, mama." Mama Kipaza akamwambia paliandikwa kulia. Karatasi ilikuwa majivu, na Mwalimu alikuwa ameandika usiku, tumbo linamuuma, akameza vidonge. Akasimama pale akijishuku mwenyewe, akaomba radhi, akaenda zake. Kumwona anaondoka vile kulimuuma mama yule kuliko alivyotarajia.

Mwanawe hakuwa mwepesi hivyo. Alisikiliza yote, akauliza, "Mara tatu?" Mama akajibu, "Mara tatu." Mashoto akarudi kwenye pampu yake. Asubuhi yake akaoga, akavaa shati lililonyooshwa, na mama akajua anakokwenda kabla hajafungua mlango. Alimshika mkono akamsihi, akalia, akamtishia radhi ya mama. Mashoto akautoa mkono wake polepole, akaenda.

Mama Kipaza hakwenda popote. Alikaa kizingitini ameshika tama, masikio barabarani, akisubiri kelele. Kila mlango uliojibamiza ulimkata maini. Watu walipita na ndoo, walipita na mikokoteni, wakamwamkia, akaitikia asijue anamwitikia nani. Jua lilikuwa halijafika utosini alipomwona mwanawe anakuja kwa miguu yake, mzima, shati halina hata vumbi. Akainuka kwa furaha amkimbilie. Halafu akamwona uso.

"Nilimwambia yote," Mashoto alisema alipokwisha kukaa. "Goti, bega, baiskeli, redio ilikuwa na rangi gani. Kaka zake walikuwepo."

"Wakasemaje?"

"Amenipa maji ya kunywa. Ameniambia zile risasi ziliharibu vichwa vya wengi, hata waliowekwa kulinda ghala. Ameniambia nisijitwike maiti ya mtu mwingine, nitapata mke, nile, nilale. Kaka zake wamenisindikiza mpaka njiani. Mmoja amenishika bega, mama, hili hili. Ameniambia nipumzike."

Mama Kipaza akamfuta jasho usoni kwa ncha ya kanga.

"Nikamwambia mama alidanganya. Hapo tu ndipo alipokasirika. Akasema nimtukane yeye nikitaka, lakini si mama yangu."

Uani pampu ilikuwa bado imelala vipande vipande. Mashoto alikuwa akiitazama.

"Nenda wewe sasa," alisema. "Wewe ukisema wataamini."

"Nikisema watakuua."

"Na usiposema nitaishi," alisema mwanawe, kwa sauti ya mtu aliyetoka kupewa majibu ya daktari. "Nitaishi hivi hivi mpaka niwe mzee, na kila nikipita yule mama atanipa maji."

Alikuwa mtoto wake wa pekee. Kila alipojaribu kumfikiria mjane, alimwona mtoto huyu akiwa na umri wa miaka mitano, kijiko mkono usiotakiwa. Alijua ubaya alioufanya, hakuutafutia jina zuri, na alijua kwamba akiambiwa asome tena leo hii atasoma vile vile.

"Basi utaishi," alimwambia, akainuka kwenda kumpashia chakula.